Mguu Uliotazama Mwenzake

Binti yangu alizaliwa na mguu wa kushoto umegeukia ndani, unyayo unautazama mguu wa pili kana kwamba unataka kuunong'oneza kitu. Niliuona kabla sijaambiwa. Mkunga alimfunika haraka, mimi nikamfunua.

"Huu mguu vipi?"

"Alikaa vibaya tumboni, mama. Utanyooka wenyewe."

Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu yeye alivaa sare nyeupe na mimi nilivaa kanga yenye damu. Nikatoka pale na mtoto, nikarudi kwangu Tunduma, nikasubiri mguu unyooke wenyewe.

Haukunyooka. Kila nilipompeleka kliniki walimtundika kwenye mzani, wakafurahi. "Mtoto anakua vizuri." Nikiwaonyesha mguu naulizwa kama mimi ndiye wa kwanza kuzaa. Uzito wanaujua, chanjo wanazijua, mguu hawautazami. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nilikaa darasani nikachora mifupa ya binadamu kwenye daftari, na bado nikanyamaza mbele ya watu wanaopima kilo. Hasira niliyonayo mpaka leo ilianzia pale, na sitaki ipoe.

Mtaani nako wakawa na majibu yao. Eti nilimcheka kilema nikiwa na mimba. Nimcheke nani? Nilibeba mimba nikipanga mitumba karibu na mpaka, watu wa pande zote mbili wananivutia nguo mkononi, nacheka saa ngapi?

Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Kongo. Mtoto akizaliwa yeye yuko kwenye foleni, mtoto akiota jino yuko kwenye foleni nyingine. Kwa hiyo aliyekuja kunisaidia malezi ni mama yake, kutoka Mbebe, kule juu Ileje. Alishuka na ndizi, maharage, na mikono miwili mizito ya mtu aliyelima tangu akiwa mtoto. Alipoufunua ule mguu hakushtuka. Alikaa chini, akaushika muda mrefu.

"Huu naujua," akasema. "Kaka yangu alikuwa nao."

Huyo kaka yake alitembelea ubavu wa mguu mpaka akazeeka. Sugu iliota pembeni, ngumu kama kwato. Shule hakwenda, maana ilikuwa ng'ambo ya mto na hakuna wa kumbeba kila siku. Mke hakupata. Mama mkwe alisema kosa lilikuwa moja tu: mama yao aliwahi kurudi shambani, hakumkanda mtoto vya kutosha.

"Huyu nitamkanda," akasema. "Huyu mke mwenzangu atatembea."

Na kweli alimkanda. Asubuhi beseni la maji ya moto, kitambaa, mafuta, kidole gumba juu ya mfupa, anausukuma mguu polepole kwenda nje mpaka unakaa kama wa mtu mwingine. Nilikuwa naangalia kwa matumaini. Akiuachia, unarudi. Kesho tena, unarudi.

Jirani yangu, mama mmoja aliyekuja Tunduma na mumewe kufanya biashara ya vitenge, ndiye aliyenifumbua macho. Alikuja kukopa mkaa, akamkuta mtoto kwenye beseni.

"Shoga, huo mguu si wa kukanda. Mtoto wa mdogo wangu alifungwa hogo Mbeya. Leo anacheza mpira."

"Hogo? Si ile plasta ya waliovunjika mifupa?"

"Hogo hilohilo. Mpeleke angali mchanga, mifupa bado laini. Usikae unasubiri kama unasubiri mvua."

Nikampeleka. Kosta ya alfajiri, Vwawa bado iko ndani ya ukungu, mtoto mgongoni. Kule hospitalini Mbeya daktari kijana aliushika mguu, akaniuliza mbona nimechelewa. Nilitaka kumrushia pochi. Nimechelewa mimi! Nikamwambia nimeupeleka mguu huu kwa wenzake tangu siku ulipozaliwa. Akaupapasa tena mguu. Kisha akasema, "Haya, hatujachelewa sana," akaufunga hogo jeupe kuanzia vidoleni mpaka pajani.

Utaratibu ulikuwa hivi: kila wiki unarudi, hogo la zamani linatolewa, mguu unasogezwa kidogo, linafungwa jipya. Asubuhi ya safari unaloweka hogo nyumbani kwa maji ya vuguvugu ili lilainike, likifika kule litoke bila kumwumiza mtoto. Mama mkwe aliniona nikiloweka. Hilo ndilo sikulifikiria.

Kwake yeye nilikuwa nimemfungia mjukuu wake kwenye saruji. Mguu haukandwi, hauoshwi, mtoto analia akishindwa kujigeuza. Alimpigia mwanawe simu kule njiani, na mume akanipigia mimi.

"Mama analalamika."

"Na mimi nalalamika. Wewe unamsikiliza nani?"

"Nawasikiliza wote."

"Basi sikiliza ukiwa hukohuko."

Siku moja nilirudi kutoka kwenye mitumba mchana nikakuta beseni katikati ya ua, maji meupe kama uji. Hogo lilikuwa limelala pembeni, limelowa, limefunguka. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mtoto amemlaza juu ya mapaja, anamkanda na kumwimbia kwa kilugha. Na mtoto, msaliti, anacheka. Mguu ulikuwa umeanza kurudi.

Sijui nilipiga kelele kiasi gani. Jirani alisema alinisikia akiwa sokoni, lakini yeye huongeza chumvi.

"Mama, umefanya nini?"

"Alikuwa analia."

"Acha alie! Bora alie sasa kuliko alie akiwa mtu mzima!"

"Usinifokee, mkwe. Mimi nimelea kabla yako."

"Ulimlea aliyezaliwa mzima!"

Neno lilinitoka. Mama mkwe akamfunika mtoto, akainuka kwa kushika goti lake bovu, akaingia ndani akaanza kukunja nguo zake. Nilijua akiondoka, ukoo mzima utasema nimemfukuza mama kwa sababu ya plasta. Na nilijua akibaki bila kuelewa, atalowesha tena. Nikasimama mlangoni.

"Mama, unataka kwenda?"

"Nakwenda."

"Sawa. Ila si Ileje. Kesho tunakwenda wote Mbeya. Ukimkuta yule daktari anamtesa mjukuu wako, mchape, nami nitakusaidia. Baada ya hapo nitakupeleka Mbebe mwenyewe."

Akakaa kitandani, akanitazama. "Nimchape?"

"Mchape."

Tukaenda. Aliingia kwenye chumba cha daktari amejifunga kitenge kiunoni kama mtu anayeingia uwanjani. Daktari alimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia kwa ukali. Kisha kijana akaushika mguu. Kidole gumba juu ya mfupa, anausukuma polepole kwenda nje, anatulia, anausukuma tena. Mama mkwe akasogea. Akainama mpaka kichwa chake karibu kiguse cha daktari.

"Mkwe," akaniambia bila kuinua macho, "huyu anakanda."

Daktari akacheka. "Ndiyo bibi, nakanda. Wewe ukimaliza unaachia?"

"Naachia."

"Ndiyo maana mguu unarudi. Mimi nikiufikisha hapa naufunga hapahapa. Wiki ijayo naukanda kutoka hapa kwenda mbele."

Mama mkwe akaugusa mguu kwa kidole. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo nilipolowesha lile hogo..."

"Ulimrudisha nyuma, bibi. Lakini tutafika."

Tukiwa kwenye kosta ya kurudi, alimpakata mtoto na hogo lake jipya, akalipapasa mpaka Mlowo. Hapo akasema, "Kaka yangu walimkanda. Mama alimkanda sana. Hakukuwa na wa kufunga." Akageukia dirishani. Nikamwacha alie. Nami nilikasirika upya, safari hii kwa ajili ya mzee nisiyemjua, aliyeishi maisha yote akitembelea kwato kwa kukosa kitu rahisi kama plasta.

Habari ya Mbebe haikutajwa tena. Kuanzia siku hiyo hogo likawa na askari. Hakuna aliyemgusa mtoto bila kuonyesha mikono mikavu. Mwisho wake daktari alimchanja kidogo kano ya nyuma ya kisigino, akamfunga hogo la mwisho, na baada ya hapo tukapewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, vya kuvaa mchana na usiku, baadaye usiku tu. Mwanamke mmoja wa mtaa wa nyuma akapita uani, akashika kiuno.

"Jamani, mnamfunga mtoto pingu?"

Mama mkwe hata hakuinuka. "Pingu wafungwe wanao wanaonyonya dizeli kwenye malori. Mjukuu wangu amevaa viatu."

Miezi ikapita, viatu vikabaki vya usiku, mtoto akasimama kwa kushika beseni lilelile la kukandia, lililogeuzwa likawa la kufulia. Akaachia. Akapiga hatua kumwendea bibi yake, nyayo zote mbili bapa kwenye udongo, zikaacha alama mbili zinazofanana. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Mimi nilichuchumaa nikazitazama zile alama. Sikutaka mtu afagie ua siku ile.

Juzi baba yake alirudi, akaegesha lori ng'ambo ya barabara, akapiga honi. Binti akaisikia, akachomoka getini. Bibi akamfuata na goti lake bovu akiita, "Mke mwenzangu, ngoja!" Mimi nikawapita wote wawili, ndala moja imebaki uani, nikimfokea kwa sauti yangu yote:

"Acha kukimbia! We mtoto, nimesema acha kukimbia!"

Nilimdaka kabla hajaifikia lami. Nikayasikia maneno yaliyokuwa yananitoka. Nikambeba, nikakaa naye chini palepale kando ya barabara, malori yanapita, nikacheka mpaka mume wangu akashuka kuuliza kuna nini.