Magoti Yangu na Kikombe cha Tusekile

Siku ya kwanza ya kulea watoto pale Mpemba nilivaa suti. Nilikuwa nimelinda geti la chekechea ile miaka miwili, na kabla ya hapo nilikuwa utingo wa malori. Mlezi akaacha kazi ghafla, watoto wakalia darasa zima, mimi nikaingia nikawanyamazisha kwa wimbo mmoja, kazi nikapewa. Shule niliishia darasa la tano, lakini nikilitaka jambo nalipata. Hadi saa nne suti ilikuwa na uji mpaka kwenye kola.

Ninyi mnaosomea ulezi vyuoni mna vitabu. Sisi tulikuwa na mduara wa asubuhi: watoto wanakaa chini wakitazamana, kila mmoja anamsalimu wa kulia kwake kwa jina. Halafu kulikuwa na zamu ya uji. Hakuna kujichukulia, unampelekea mwenzako kwanza, ndipo naye akuletee. Zamu ya uji niliianzisha mimi. Leo nasikia iko chekechea nyingi, ingawa hakuna anayenitaja.

Sifa zikanipeleka Isongole. Mkubwa wangu huko alikuwa Mwalimu Mkuu, mama mfupi asiyepaza sauti. Huko ndiko nilikokutana na Tusekile, miaka minne, na meno yake.

Tusekile aliuma wenzake. Mama yake, mjane, alikuwa akivuka kila siku kwenda Malawi kuuza mafuta ya kula, na hakuwa na pa kumwacha ila kwetu. Wiki ya tatu wazazi wakajaa ofisini. Walipotoka, Mwalimu Mkuu akaniita.

"Bwana Sichone, mwisho Ijumaa. Akiuma tena siku hiyo, mama yake amchukue moja kwa moja."

Nikamwambia dawa ninayo. Kwetu mdogo akikosa anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, anaomba radhi. Nikampigisha Tusekile magoti mbele ya Ambele, mwenzake aliyeumwa siku hiyo. Alipiga magoti vizuri kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumwona. Makofi akapiga. Kisha akainuka, akamuuma Ambele mkono uleule.

Mama Neema, mpishi wetu, alicheka hadi mwiko ukamponyoka. "Mwalimu, dawa hiyo ongeza dozi!"

Mwalimu Mkuu hakucheka. "Magoti umemfundisha. Nani kamuuliza kwa nini anauma?"

"Nimuulizeje, Mwalimu? Anaishia kunitazama mkanda."

"Basi piga magoti wewe."

Mimi! Mwanaume mwenye mji wake, niliyefika Lusaka juu ya lori, nimpigie magoti mtoto wa miaka minne? Huku kwetu magoti hupigiwa wakubwa. Nilizunguka uwanja mara mbili. Kisha nikapiga, mbele ya mpishi na baba mmoja aliyekuwa getini. Yule baba akapaza sauti: "Jamani, Sichone anachumbia!"

Lakini hapo ndipo nilipoyaona macho ya Tusekile. Nikamuuliza polepole.

"Kikombe," akanong'ona. "Cha mama."

Mama yake alimpa kikombe chekundu cha bati, akae nacho mpaka atakaporudi kutoka ng'ambo. Kila asubuhi wenzake waligawa uji kwa kikombe chochote, na chekundu kikaenda kwa mwingine. Kumbe ilikuwa zamu yangu ya uji, ileile ninayojisifia!

Sikuifuta, niliirekebisha. Kabla ya kumpelekea mwenzako, umuulize: kikombe chako kipi? Tusekile nikamfundisha kunyoosha mkono na kusema kwa nguvu, "Hapana, hicho changu." Kisha nikampeleka kwa Ambele. "Tazama alama hii. Inamuuma. Mpulizie." Akampulizia.

Ijumaa mama yake Tusekile hakuvuka mpaka. Alisimama nje ya ua, ncha ya khanga mdomoni. Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni. Ambele akasahau kuuliza, akachukua kikombe chekundu akampa mtoto mwingine. Tusekile akaachama. Mimi nikaacha kupumua.

"Hapana! Hicho changu!"

Nadhani Malawi walisikia. Ambele akashtuka, akakirudisha, akamuuliza, "Nikuletee uji mwingi?" Mama yake Tusekile akakaa chini palepale kwenye nyasi, khanga usoni. Mwalimu Mkuu akaniambia maneno mawili tu: "Anabaki, Sichone."

Nililea hivyo Isongole, kisha Ikinga, nikiinama na kupiga magoti kila siku, mpaka magoti yenyewe yakagoma. Nimestaafu kabla sijazeeka. Mnaoanza, wimbo utawafaa, suti haitawafaa. Msimharakishe mtoto kuomba radhi kabla hamjajua kilichomuuma yeye.

Siku ya mwisho pale Ikinga nilishindwa kushuka kwenye mduara. Nikabaki nimesimama kama nguzo, nimeshika ukuta. Binti mmoja mdogo, Upendo, akaburuta benchi hadi nilipo, akapanda juu yake, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Babu, unaumwa wapi?"

Nikamwonyesha. Akashuka, akapulizia goti la kulia, fuu, fuu. Kisha akainua macho, akaniuliza kama na lile lingine linauma.

Nikamwambia linauma sana.