Msamaha Niliompa Deo Juu ya Gangilonga

Kama umekuja kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Mimi si mtu wa kuona mauzauza. Silewi asubuhi, sivuti kitu, na kanisani kwetu Uyole ni mzee wa kanisa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, Iringa mjini, na kidole hiki kisichokunjika nilikipatia huko huko.

Kwanza ujue kilichokuwa kinanila. Mwaka juzi nilimzika mdogo wangu, Anyisile. Alikufa kwenye gari langu, mimi nikiendesha. Tulikuwa tunatoka Iringa kurudi Mbeya, na kwenye mteremko mmoja kabla ya Uyole nikakanyaga breki, pedeli ikazama hadi chini kama nimekanyaga uji. Tukaingia kwenye ukingo, upande aliokaa yeye. Mimi nilitoka na mchubuko wa paji la uso. Yeye alitolewa.

Nikamwambia mama breki zilikatika. Mama akaniuliza, breki gani, hizo ulizofunga juzi? Ni kweli, nilikuwa nimetoka kuzifunga kwa Deo. Deo alikuwa fundi wangu wa Iringa, na zaidi ya fundi, rafiki yangu wa miaka kumi na kitu. Alikuja msibani. Akasimama mbele ya mama yangu, kofia mkononi, akasema, "Mama, pole sana. Lakini breki nilifunga mpya, kwa mikono yangu hii." Basi. Mama akajua nilikuwa nakimbiza gari, halafu natafuta pa kutupia lawama. Tangu siku ile, chakula kikitoka kwangu hali. Na unajua kibaya zaidi? Hata mimi niliamini. Nilimwamini Deo kuliko mguu wangu mwenyewe uliokanyaga ile pedeli.

Sasa mwaka huu, kipindi cha mvua, natoka Mbeya kwenda Dodoma kufuatilia hati ya kiwanja. Kufika Nyololo naona mshale wa joto unapanda. Nikawa naenda, nasimama, naongeza maji, naenda, nasimama, mpaka Iringa saa nne asubuhi. Simu ya Deo haipatikani. Sikushangaa, Deo alikuwa anabadili laini kila akikorofishana na mtu. Nikanyoosha moja kwa moja gerejini kwake, kule chini Ipogolo.

Nikamkuta fundi nisiyemjua, mtu mzima, ovaroli imekakamaa kwa grisi. "Kamwene," akanisalimu. Akafungua boneti, akainama, akasema pampu ya maji imekufa, ngoja aitafute madukani, nirudi saa kumi. Nikamuuliza, "Bosi Deo yupo?" Akajifuta mikono, akanitazama. Kabla hajafungua mdomo nikasikia getini, "We Mnyakyusa! Gari limekushinda tena?"

Alikuwa Deo. Amenyoa, shati jeupe, suruali imepigwa pasi. Deo wa ovaroli siku zote! Nikamtania, "Leo kuna harusi?"

Akacheka kidogo. "Leo sishiki spana. Miaka yote unakuja Iringa unaona matairi tu. Twende nikutembeze mji, kaka."

Na kweli akanitembeza. Tukapanda kwa miguu mpaka mjini, tukaingia sokoni, tukaenda kwenye lile boma la zamani lililogeuzwa makumbusho. Dada wa makumbusho alinieleza mimi tu, Deo hakumgeukia hata mara moja. Nikasema moyoni, wamezoeana hao. Tukatoka, tukakaa kwa mama mmoja anayeuza ulanzi, ile pombe ya mianzi. Akaleta kikombe kimoja. Nikamwambia, mama, tuko wawili. Akatazama kiti cha Deo, akanitazama mimi, akaingia ndani na hakutoka tena. Deo akasema niache, yeye hanywi. Deo! Hanywi ulanzi! Ungekuwa wewe ungeshtuka, najua. Lakini mimi nilikuwa na furaha, bwana. Tangu Anyisile afe nilikuwa sijatembea na mtu anayenichekea.

Saa nane na nusu tukapanda Gangilonga, lile jiwe kubwa lililo juu ya mji. Wahehe wanasema ni jiwe linaloongea. Ukiwa pale unaona mabati yote ya Iringa na mawingu yanakuja kwa chini. Mimi nilikuwa nahema. Deo hakuhema.

Akakaa, akakumbatia magoti. "Kaka, nina jambo. Ila niambie kwanza umenisamehe."

Nikacheka. Wewe unajua tulivyo. Mtu akikwambia nisamehe, unamwuliza umefanya nini? Utaonekana una roho mbaya. Kwetu unasema yamekwisha, halafu ndipo mtu anasema lake, na mara nyingi ni kitu kidogo, alikusengenya tu. Nikamwambia, "Yamekwisha, kaka."

"Usiseme yamekwisha. Sema Deo nimekusamehe."

"Deo nimekusamehe."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu, toka moyoni. Haya, sema sasa, mbona unanitisha?"

Akavuta pumzi ndefu, ya kwanza niliyoisikia kwake siku nzima. Akasema, "Ile pampu mpya ya breki uliyoniletea, niliifunga kwenye gari la mtu mwingine. Wewe nilikurudishia ile ile yako ya zamani. Niliiosha kwa petroli ikang'aa."

Hivyo tu. Kama anayeniambia saa ngapi. Nikaona sura ya mama yangu, nikamwona huyu mtu amesimama mbele yake na kofia mkononi. Nikasema, "Ulimwambia mama yangu ulifunga mpya!" Akajibu, "Nilimwambia. Lakini umeshanisamehe." Nikamrushia ngumi ya uso kwa nguvu zangu zote. Ngumi ikagonga jiwe.

Nilipoinua kichwa alikuwa anashuka, taratibu, mikono mfukoni, kwa ule upande uliokatika wima ambao hata mbuzi hashuki. Wanachuo wawili waliokuwa wanapiga picha wakanikimbilia. "Baba, umeanguka?" Nikawauliza yule mtu kaelekea wapi. Wakatazamana. Binti akasema kwa adabu, "Baba, sisi tumekuona uko peke yako, unaongea."

Gerejini nilifika na mkono umefungwa kwa kitambaa. Yule fundi akasema, "Deo? Tumemzika, hii ni wiki ya sita sasa. Ini ndilo lililommaliza. Nilitaka kukwambia asubuhi, ukageuka ukaondoka unaongea, nikadhani una simu sikioni."

Nikaenda kwa mke wake, Mama Gerald. Hakushtuka hata kidogo. Akanikaribisha, akalia, akasema Deo alipozidiwa aliagiza watu wote waitwe isipokuwa mimi. "Alisema, huyo msimwite, nitamfuata mwenyewe." Unaelewa? Kwenye misiba yetu, kabla jeneza halijafungwa mtu husimama akasema, kama kuna aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Pale ningekuwa na watu, pengine na yule aliyefungiwa pampu yangu, ningeuliza maswali. Alinitaka peke yangu, nimeshiba matembezi, nacheka. Mama Gerald akaniambia tangu wamzike, Deo alikuwa akigonga mlango wa nyuma kila alfajiri. Wiki iliyofuata akanipigia simu, hagongi tena, asante sana shemeji. Ananishukuru!

Nilikaa siku tatu kabla ya kumwendea mama. Nilijua atasema nimerukwa na akili. Hakusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo wa maharage mapajani, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hukumuua."

"Sikumuua, mama."

Akanishika uso kwa mikono miwili. Miaka miwili nilikuwa nangoja mikono ile, nikalia kama mtoto. Halafu mikono ikasimama. Akauliza, "Na huyo aliyemuua, umemsamehe?"

"Nilikuwa sijui ni nini, mama. Aliniomba msamaha kabla hajaniambia kosa."

"Mbele ya Mungu?"

Sikuweza kumdanganya. Akaiondoa mikono yake. Akasema, "Umesamehe damu ya mwanangu hata hujaniuliza mimi niliyemzaa?" Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Nimemwuliza mchungaji kama neno lile linarudishwa. Akanisifu kwa kusamehe. Kwa hiyo nakuomba, wewe unayenisikiliza: akija mtu, awe rafiki, awe ndugu wa tumbo moja, akakwambia nisamehe kwanza ndipo nikwambie, nyamaza. Alie, apige magoti, nyamaza, aseme kwanza. Wakikuona una roho mbaya, waache. Deo sasa analala vizuri kwenye kaburi lake. Mama yangu halali, na chakula changu bado hali.