Nguzo za Nyanzala

Siku ardhi ilipotetemeka, Nyanzala alikuwa amekwisha kubomoa nusu ya nyumba yake. Barua ya kitongoji ilimtaka ahame kabla ya Jumamosi, yeye na ng'ombe wake, kwa kuwa mara mbili ng'ombe hao walikuwa wamekanyaga mpunga wa watu. Aliyeiandika ni mwenyekiti Benedikto, mwenye nyumba ya tofali za kuchoma, aliyezoea kumtania kwamba anaishi kwenye kiota. Nyanzala, mjane, hakubishana. Alipakia nguzo na nyasi kwenye mkokoteni wa maksai, maana kwa wafugaji wa kwao anayehama huhama na nguzo zake.

Alhamisi asubuhi tetemeko likazishusha tofali za kijiji. Hakufa mtu, ila hakuna aliyethubutu kurudi chini ya kuta zilizopasuka, na baridi ya Julai haikuwa na huruma. Bibi Natalia, mama yake Benedikto, alitolewa kwenye kifusi akalazwa uwanjani, juu ya turubai la kuanikia mpunga. Alikuwa anakohoa na kutetemeka.

Nyanzala alimtazama, kisha akageuza maksai.

"Shusheni nguzo," aliwaambia majirani. "Nyie mnaolia, chimbeni mashimo."

Tusidanganyane kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na hasira, na kila nguzo aliishindilia kwa hasira hiyo hiyo. Kufikia jioni banda refu lilikuwa limesimama, limekandikwa udongo na samadi. Ndama walilala nje, watu kumi na wanane ndani, na Bibi Natalia akalala kifuani pa Nyanzala ili apate joto.

"Angalau sitafia nje, mwanangu," bibi alimwambia.

Alifariki Jumamosi, saa nne asubuhi.

Benedikto alisimama mlangoni. Siku ya kuhama ilikuwa imefika, na nyumba yenye msiba haibomolewi mpaka matanga yaanuliwe.

"Mama Kabula," alimwambia Nyanzala, "leo ndiyo..."

"Najua leo ni siku gani. Lete maji, tumwoshe mama."

Mchana ndugu waliwasili kutoka Kakese. Walizunguka kwenye vifusi, wakamuuliza Benedikto msiba uko kwa nani.

Alionyesha banda la nyasi.

"Kwa dada yangu," alisema.

Nyanzala alisikia. Aliinamia moto akaendelea kuuchochea, machozi yakimtiririka, maana tangu ahamie pale hakuna aliyewahi kumwita hivyo.