Sindano ya Wengu

Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo sifichi. Na mwaka ule wa kozi zilikuwa karibu zaidi, kwa sababu tulikuwa madaktari wazima, tumeshazalisha na kupasua watu, na bado tulifundishwa kama watoto wa nasari. Tulikuwa tumerudi shule kusomea magonjwa ya nchi za joto, na muhula wa mwisho tukaletwa Kitui kuyaona yenyewe. Wenzangu walilalamikia vumbi na maji ya chumvi. Mimi ni mtu wa Nunguni, kule juu Makueni kwenye baridi, lakini Kikamba ni changu, kwa hiyo nikageuzwa mkalimani wa kila mtu. Wacha tu.

Ugonjwa tuliokuja kuusoma ni kala-azar. Unaletwa na inzi mdogo wa rangi ya mchanga anayejificha kwenye nyufa za vichuguu, na wanaume wa huko jioni hupenda kukaa karibu na vichuguu wakipiga hadithi. Homa inakuja, mwili unakwisha, wengu unavimba mpaka tumbo linakuwa kama kibuyu. Bila dawa mtu anakufa. Dawa nayo ni kali, haitolewi kwa kukisia. Lazima kwanza udunge sindano kwenye wengu wenyewe, uvute tone, ulitazame kwa darubini.

Mwalimu wetu, mzee mpole wa sauti ya chini, alituonya mapema. "Kudunga si kazi. Kazi ni baada ya hapo. Wengu uliotobolewa ukitikiswa unapasuka, na damu inamwagika ndani, mahali hamuioni. Mgonjwa alale chali mpaka jioni. Asiketi, asikohoe kwa nguvu, asicheke." Mmoja wetu akacheka. Mzee hakumtazama hata. Mimi niliandika kila neno.

Nilipewa fundi wa matofali kutoka upande wa Kwa Vonza, kijana ambaye mke wake alikuwa amejifungua juzi tu. Alikuwa na mdomo huyo! "Daktari," akaniuliza akipapasa lile tumbo, "nikizaa mapacha utanilelea?" Nikamwambia wangu wenyewe wananishinda. Nilimpenda, na nilitaka apone ili akamshike mtoto wake.

Nilimdunga asubuhi, mwalimu akiwa nyuma yangu. Kijana alibana pumzi, sindano ikaingia ikatoka, hakulia. Nikamweleza kwa Kikamba, tena na tena, kwamba asiinuke.

"Hata moto ukiwaka?"

"Ukiwaka nitakubeba na kitanda."

Akacheka, nikamkemea, akanyamaza. Kisha nikamwacha na sista wa wodi, nikaenda maabara na tone langu. Sikuwa na raha, na sikujua kwa nini.

Sasa, kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Tunaiita nthoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mwingine apite. Si chuki, pengine wanapendana sana. Mke wa fundi hakuweza kutoka nyumbani na mtoto mchanga, kwa hiyo uji wake uliletwa na mama mkwe. Kila siku mama huyo aliishia getini, akampa mlinzi kibuyu, akasimama juani kusubiri kirudishwe. Mlinzi alikuwa Mkamba, alielewa, hakumuuliza kitu.

Mwenzetu mmoja wa kozi alitoka Pwani. Mtu wa adabu mpaka anaudhi. Siku hiyo alimkuta yule mama amesimama kwenye jua la mchana, akakasirika kwa niaba yake. "Mzee, unamwachaje mama wa watu hapa nje?"

"Daktari, huyo ni mama mkwe wa mgonjwa," mlinzi akasema, akidhani amemaliza maelezo yote.

"Mama mkwe! Basi kumbe ndiye wa kwanza kuingia!" Maana kwao ndivyo ilivyo. Akamshika mkono kwa upole, akamwongoza. Mama akavuta leso hadi machoni, akasema hapana, hapana, kwa Kikamba, na mwenzetu akadhani ni haya ya wazee tu. Nani atamnyang'anya daktari mkono?

Wakati huo mimi nilikuwa nimeinama kwenye darubini, na nikawaona! Wadudu wenyewe, wamejaa. Nilipiga meza kwa furaha. Dawa sasa angepewa. Na hapo hapo nikasikia kelele wodini.

Sista alikuwa ameitwa wodi ya kina mama wazazi. Fundi alimwona mama mkwe wake mlangoni, akaruka kitandani, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Nilimkuta ameketi nje, mgongo ukutani, jasho linamtiririka, midomo imeanza kuwa ya kijivu.

"Usinikasirikie, daktari," akasema. "Ningefanya nini?"

Ngai wangu! Sikumkasirikia. Niliogopa tu.

Tulimkimbiza chumba cha upasuaji. Damu ya akiba hospitali haikuwa nayo. Yangu ilikataa, ya yule wa Pwani ilikataa, naye akaipimisha tena akilia waziwazi. Ndugu wa fundi walikuwa mbali. Ndipo mama mkwe aliyekuwa koridoni, ameupa ukuta uso, akanyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka. "Toeni," akasema. Tukapima, ikakubali. Nilimlaza chumba cha pili na kumtoa damu mimi mwenyewe. Aliomba kitu kimoja tu: kijana asije akaambiwa ni damu ya nani, ataona aibu.

Kijana alikufa wakati daktari wa upasuaji bado ananawa mikono.

Nilirudi kwa yule mama. Alikuwa ameketi, ameshikilia pamba kwenye kiwiko.

"Imemtosha?" akauliza.

Nikamwita mama, kwa Kikamba: "Mwaitu, hakuimaliza."

Akaiondoa leso machoni, akaifunga vizuri kichwani, na akaniuliza kama sasa anaweza kuingia kumwona.