Nanasi Lililoyeyusha Magoti ya Kiganjo

Kwa miaka mingi niliamini, kama ninavyoamini kwamba kesho jua litachomoza upande wa Ngoliba, kuwa nanasi huyeyusha magoti ya mtu. Si kuyachosha. Kuyayeyusha kabisa. Unakula vipande viwili, unakaa robo saa, halafu ile grisi ya goti inateremka hadi kwenye soksi na huwezi tena kumkimbiza hata kuku mgonjwa. Usinicheke, rafiki yangu. Kiganjo nzima, mtaa wetu kule Thika, iliamini, na Kiganjo ya wakati huo ilikuwa na watu waliosoma.

Nimeyakumbuka hayo Jumapili iliyopita hapa Ruiru, kwenye ukumbi wa kutazamia mpira, baada ya timu ninayoshabikia kuongoza kwa mabao matatu kisha ikafungwa manne. Filimbi ya mwisho haijanyamaza vizuri, wanaume wazima walikuwa wameshikana mashati. Mmoja alitaka kocha afutwe kazi, mwingine alitaka afungwe jela, na wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa ametulia, akauliza ni nani aliyemruhusu kocha huyo kuzaliwa. Nami nikakaa pale kwenye benchi nikinusa nanasi ambalo halikuwepo.

Uwanja wetu wa Kiganjo ulikuwa nyuma ya shule ya msingi. Nyasi haukuwa nazo. Ulikuwa na vumbi jekundu ambalo ukifika nalo nyumbani mama alilikung'uta akapata la kukandika jiko. Tena uwanja wenyewe uliinama, goli moja juu na lingine chini, hivi kwamba mpira ukipigwa kwa nguvu kuelekea chini tuliupata Jumatatu.

Kila Jumamosi shosho yangu, yaani bibi yangu, aliuza mananasi kando ya mstari. Aliyamenya kwa kisu kilichonolewa hadi kikabaki chembamba kama jani, akayachonga macho kwa kuzunguka, akayakata vipande na kuvipanga kwenye beseni la bluu lililofunikwa kwa kipande cha pazia. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji ya kuosha kisu na kupigana na nyuki. Nyuki wote wa Thika walihamia kwetu siku hiyo, na wale wa Murang'a wakatuma wawakilishi. Watu walikula huku maji yakiwatiririka hadi kwenye viwiko, na hakuna aliyewahi kulalamikia magoti.

Halafu ikaja mechi ya Mwiki. Walifika kwa lori, wakiimba matusi ambayo mpaka leo siwezi kuyaandika. Tulicheza mteremko kipindi cha kwanza, na hadi mapumziko tulikuwa tumewapiga matatu kwa bila. Lile la tatu lilipigwa kwa nguvu hivi kwamba kama tungekuwa na neti ingechanika. Shosho, ambaye hakuwahi kumpa mtu hata ganda la bure, akabeba beseni zima hadi mlangoni pa darasa walimopumzikia wachezaji wa pande zote mbili, akamkabidhi mwalimu aliyekuwa kocha wetu.

"Mwalimu, wape vijana wetu wale. Leo siuzi."

Sisi mashabiki hatukuruhusiwa kuingia mle darasani. Beseni lilirudi tupu, safi, kana kwamba limelambwa.

Kipindi cha pili mwalimu alimtoa straika aliyefunga mawili, akaingiza beki wa tano, ili tulinde ushindi. Mwiki wakateremka. Wakafunga moja, wakafunga la pili, la tatu likaingia kwa kona, na la nne likapita katikati ya miguu ya golikipa wetu taratibu, kama mgeni anayejua njia. Manne kwa matatu. Wazee walikaa chini kwenye vumbi. Lori la Mwiki likaondoka likiimba yale matusi kwa sauti mpya.

Kesi ilisikilizwa jioni ile ile mbele ya bucha. Kinyozi wetu ndiye aliyeanza.

"Mwalimu, nani alikufundisha kumtoa straika?"

"Nilikuwa nalinda mabao."

"Ulilinda nini na watu watano wamesimama kama foleni ya hospitali?"

"Wewe nyamaza," mwalimu akasema. "Wewe unanyoa mtoto upande mmoja, unachoka. Muulize golikipa ni nini kilipita kwa miguu yake. Ile haikuwa mpira, ilikuwa ng'ombe."

Golikipa alikuwa bado na vumbi usoni, na macho mekundu. "Na nani alichagua tucheze mteremko kwanza? Si ni wewe? Mimi kipindi cha pili nilikuwa chini ya mlima nikirushiwa mawe."

"Ungeyashika hayo mawe."

"Njoo uyashike wewe na hicho kitambi."

Watu wakasukumana. Mtu akaokota kipande cha tofali, akakipima uzito. Hapo ndipo mwenye bucha alipogonga gogo lake kwa panga, mara moja, na wote tukageuka.

"Mimi sitetei mtu," akasema. "Lakini nyama ya ng'ombe mzee, ile inakataa meno, mimi huimwagia maji ya nanasi. Baada ya saa moja unaikata na kijiko." Akatutazama mmoja mmoja. "Sasa goti la kijana ni ngumu kuliko hiyo nyama?"

Nakuambia uliweza kumsikia nzi akimeza mate.

"Beseni zima," kinyozi akasema polepole. "Na ametoa bure. Huyo mama ameanza kutoa bure lini?"

Tofali likawekwa chini. Kinyozi na golikipa, waliokuwa karibu kuuana, wakasimama bega kwa bega. Mwalimu aliangalia viatu vyake, nami nikadhani anayahurumia magoti ya vijana.

Jumamosi iliyofuata shosho aliweka beseni mahali pake pa siku zote. Hakuna aliyenunua; waliopita walimrushia maneno tu.

"Shosho, leo unamaliza nani?"

"Peleka hiyo sumu Mwiki, wakupe kikombe."

Alijibu kwamba yeye ni mama wa hapa, kwamba wajukuu wake wanasoma shule hii hii. Mtu mmoja akalipiga teke beseni. Vipande vikabiringika kwenye vumbi jekundu, nyuki wakavifuata, na watu wakacheka. Shosho alikuwa na usemi wake, kwamba maneno ya watu hayajazi sufuria. Hayo ya nanasi hayakuijaza, kweli, lakini yaliitoboa. Aliacha kuuza, akarudi kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu, na mgongo ulikuwa umeshaanza kuinama.

Na mimi je? Ningependa kukuambia nilimtetea. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kuichezea Kiganjo. Jioni moja aliniwekea kipande kwenye sahani, nikaisukuma.

"Mimi nataka magoti yangu, shosho."

Hakunigombeza. Alikichukua kile kipande, akakila mwenyewe akiwa amesimama, amenipa mgongo.

Uwanja haupo siku hizi. Pale palipokuwa na goli la chini pamesimama ghorofa za kupanga, na nguo za watu zinakaushwa mahali mabeki watano waliposimama. Bucha imekuwa duka la simu. Shosho tulimzika kwao Ngoliba, kwenye ardhi ngumu ambayo jembe liligoma, na mpaka siku hiyo wapo waliompa pole mama yangu kisha wakanong'onezana habari za nanasi. Niliwasikia. Sikuwakatiza, kwa sababu nami niliamini.

Golikipa nilikutana naye mwaka jana katika darasa la jioni hapa Ruiru, watu wazima wenye vitambi tukibanwa na madawati ya watoto. Alikuwa anarudia hesabu, nami Kiingereza. Wakati wa chai nikamuuliza kwa kicheko, kama unavyomuuliza mwanajeshi mstaafu habari za vita, magoti yake yalianza kulegea dakika ya ngapi.

"Magoti gani?"

"Yale ya nanasi la shosho yangu."

Akaweka kikombe chini. Mpaka hapo alikuwa hajui kwamba mimi ni mjukuu wa yule mama wa nanasi. Akatazama ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu.

"Tulinyamaza kwa sababu watu walikuwa wamepata mwingine wa kutukana," akasema. "Lakini hilo nanasi hakuna mchezaji wetu aliyelionja. Mwalimu alisema wageni wale kwanza, na wageni wakamaliza."