Bampa la Mwezi wa Saba

Felisian hakuanzia kazi ya faiba kwenye magari. Alianzia Kabwe, ziwani, akiziba boti. Kule kuna joto. Unachanganya resini, ile gundi ya kugandishia nyuzi za faiba, unatia dawa ya kukaushia kifuniko kimoja, ukigeuka imeshashika. Alipopanda huku juu Sumbawanga na kufungua banda Milanzi, kazi yake ya kwanza ilikaa inanata siku mbili kwa baridi. Akajifunza upya. Tangu hapo, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, hakuna kilichotoka bandani kwake kabla ya siku nne, uje na nani.

Mimi nauza vipuri na mapambo ya magari karibu na stendi. Tulijuana kwa biashara, si kwa undugu. Mteja akitaka gari lake likae kama la mashindano, yaani bampa lenye mdomo mrefu, sketi za pembeni, na spoila juu ya buti, nilimpeleka kwa Felisian, naye akanipa changu. Mkono wake ulikuwa mzuri, mdomo wake haukujua bei. Bei nilimpangia mimi. Alichonga umbo kwa mikono, akalipiga msasa mpaka unajiona usoni, ndipo akatoa kalibu ya kufinyangia nyingine za umbo hilo. Spoila zake za IST zilijaa mjini, na ungezitambua kwa pembe zilizokunjwa ndani kidogo. Siku moja nilimwuliza sababu. Akasema barabara zetu zina ng'ombe, na ng'ombe akijikunia hapo anaondoka nayo.

Mwaka jana, mwezi wa saba, akaja Fabiani. Fabiani ana magari sita ya kukodisha, na baada ya mavuno hapa kwetu kila Jumamosi ni arusi. Alitaka yote sita yavishwe sawa, lakini kwanza aone moja: Kraun nyeupe ambayo ingembeba bibi arusi Jumamosi. Siku aliyokuja ilikuwa Alhamisi asubuhi.

Felisian akasema Jumanne. Fabiani akasema basi ataagiza Dar.

Nikamvuta Felisian pembeni. Nilimwambia magari sita ni kazi ya mwaka mzima, mteja wa namna hii hapiti hapa mara mbili. Nikamwambia awashe majiko ya mkaa, aongeze dawa, baridi isimfungie riziki.

"Kaka, likikaushwa kwa haraka linakuwa kigae."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Alisema hivyo, halafu akaenda kutafuta mkaa. Alizidisha dawa mara mbili, akalizungushia majiko matatu. Mkewe, Dominika, alikaa mlangoni na ndoo ya mchanga, maana resini ikishika moto haiachi hata bati. Ijumaa jioni bampa lilifungwa, na sketi zake. Fabiani alilizunguka gari mara tatu akakosa pa kushushia bei. Mtu anayemjua Fabiani anaelewa hiyo ni sifa gani.

Jumamosi msafara ulitoka kanisani. Timoth, dereva wa Fabiani, alipanda tuta la mbele ya shule taratibu, kama mtu anayevuka maji asiyoyajua. Bampa likapasuka katikati. Nusu yake ikaburuzika chini ya gari, matarumbeta yanapigwa, kamera inaendelea. Bibi arusi alihamishiwa kwenye Noah iliyobeba sufuria za wapishi.

Jumapili, kabla Fabiani hajatoka misa, niliwahi bandani. Nilikuwa nimeshasikia: Fabiani ameamua kuwa Timoth alikimbiza gari, na anamfukuza. Nilimwambia Felisian kesi imeshapata mwenyewe, kazi yake ni kukaa kimya, na magari matano yaliyobaki yatakuja.

Fabiani alifika na Timoth nyuma yake. Timoth alikuwa ameapa kwa kila kitu, akabaki hana cha kuapia tena. Felisian alishika kipande cha bampa walichokuja nacho, akawa anapitisha kidole pale kilipovunjika.

"Huyu hakukimbiza, bosi," alisema. "Hili lilitoka hapa likiwa bovu. Nilizidisha dawa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunitaja. Nami sikujitaja.

Fabiani akacheka puani. "Kwa hiyo mmoja kanitengenezea kigae, mwingine kakipasua mbele za watu. Nendeni wote."

Timoth hakurudishiwa funguo. Zilikuwa zimeshakwenda kwa mtoto wa dada yake Fabiani. Ule ukweli haukumwokoa mtu hata mmoja.

Wiki haikuisha, mjini wakawa wanasema fundi mwenyewe kakiri. Wenye spoila zilizokaa miaka minne bila ufa walikuja kuzigongagonga kwa vidole mbele yake. Mmoja akataka yake ing'olewe palepale. Ikang'olewa. Fabiani aliagiza bampa na sketi za plastiki kwa magari yote sita, na aliyemwagizia ni mimi. Ningekataa, angeagiza kwa jirani yangu.

Siku hizi Felisian anafunga hizo za plastiki. Zinakuja kwenye boksi na skrubu zake. Yeye anatoboa, anakaza, na zikilegea wanamrudishia akaze tena. Timoth anaendesha bodaboda Kasesya, na akipita mjini hasimami pale bandani. Simlaumu.

Mwezi wa kumi, joto limerudi, nilimpata mteja anayetaka spoila ambayo hakuna mwingine mjini angekuwa nayo, na hakuwa na haraka. Nilikwenda mwenyewe Milanzi. Nilimwambia Felisian safari hii siku ni zake, hata kumi, na bei apange yeye.

Alikuwa amelala chini ya gari, anakaza skrubu. Hakutoka.

"Kalibu nilizivunja," alisema. "Leta ya boksi, nitaifunga."

Mteja alikuwa ananisubiri barabarani. Nikamwuzia ya boksi.