Mwanamke wa Kona ya Landala

Katika kikundi cha picha za kale, kilichokutana kila Alhamisi kwenye maktaba moja ya Gothenburg, Barbro Hultgren hakuwa na masihara. Kazi yao ilikuwa moja: kuchukua picha ya mtaa ya zamani, kusimama palepale aliposimama mpigapicha wa kwanza, kupiga nyingine, kisha kutaja mwaka wa ile ya kale. Ukikosea mwaka, mwenyekiti Barbro alikuumbua mbele ya watu. Mzee Sixten, fundi bomba mstaafu, aliwahi kukosea kwa miaka miwili tu.

"Sixten, hayo macho ulipewa ya kutazamia maandazi?" Barbro alimwuliza.

Watu walicheka, na Sixten naye akacheka, lakini aliliweka moyoni.

Mama yake Barbro, Majken, alikufa Februari 1966, Barbro akiwa na miaka sita. Mwaka haukuisha, baba akamwoa Vivan. Huyo bibi alisema yeye halei mtoto wa mwenziwe. Akatia picha zote za marehemu kwenye jiko la kuni, na Barbro akapelekwa kulelewa na watu baki mashambani. Alimwona Vivan mara moja tu baadaye, kwenye mazishi ya baba, ajuza mnene mwenye mvi. Hakumpa mkono.

Basi miaka kumi na moja iliyopita, katika masanduku ya picha za mji, Barbro alimkuta mwanamke amesimama kwenye kona ya mtaa wao wa zamani kule Landala, anacheka. Sura hakuikumbuka. Koti alilikumbuka: la miraba, lenye ukosi wa manyoya, Majken alilishona kwa mkono wake. Aliikuza ile sura, akaitundika juu ya kitanda, akawa anaiamkia kila asubuhi. Kona yenyewe siku hizi ni maegesho ya magari. Alikwenda mara nyingi kusimama pale mama aliposimama, na madereva wakampigia honi.

Mwaka huu akaamua kuionyesha kikundini. Alimwalika hata Ulrika, mdogo wake kwa baba, binti wa Vivan, ambaye walikuwa wakitumiana kadi za Krismasi tu. Nia haikuwa safi. Alitaka Ulrika amwone mwanamke ambaye mama yake, Vivan, alimchoma jikoni.

"Huyu ni mama yangu," alisema, picha imejaa ukutani. "Mwaka 1965."

Sixten akainuka taratibu. "Mwenyekiti, hayo magari nyuma yake yameshika upande gani?"

Yalikuwa yameshika kulia.

"Maana nijuavyo mimi, nchi hii tulikuwa tunaendesha kushoto mpaka Septemba ya sitini na saba. Au dereva alikuwa amelewa? Na wa nyuma yake je? Na yule wa tatu?"

Kicheko kikapasuka. Walikuwa wamekingojea kwa miaka.

"Picha imechapwa kinyume," Barbro alisema.

"Mbona bango la duka la mikate linasomeka vizuri tu?"

Barbro alitazama bango. Mtu yeyote mwingine angekuwa amekosea hivyo, yeye Barbro angemla mzimamzima. "Koti ni la mama," alisema, sauti imekuwa ndogo kama ya mtoto.

Hapo Ulrika akaongea, na hakuongea kwa ubaya, jambo lililouma zaidi.

"Ni la mama yako kweli, dada. Mama yangu alilirithi, alikuwa halivui. Ona, vifungo havifungi. Humo tumboni nimo mimi, nilizaliwa Februari ya sitini na nane." Akafuta machozi. "Jamani, alikuwa mzuri hivi! Sina picha yake ya ujana hata moja. Tafadhali nipe hiyo, ni mama yangu."

Asubuhi iliyofuata Barbro aliishusha ile sura ukutani, akaifunga kwa karatasi, akaipeleka posta. Aliporudi aliketi kitandani, akafumba macho kumtafuta Majken. Kabla ya picha ile alikuwa na kitu kidogo: ukungu wa sura, harufu ya sufu, kidole chenye kastabini. Sasa alimwita mama yake, akaja Vivan, kijana, anacheka. Akamfukuza, akaita tena kwa sauti.

Akaja yuleyule.